Wanaimba, Dada, Hawasomi

...Hapana, dada Anastazia, raha ya ndoa ipo kweli. Ulinicheka ukiwa kitandani, siku chache kabla hujatuacha: "Wewe utaolewa na chaki." Sasa nimeolewa na Deogratias, na moyo umenifurika hata naona haya kukuandikia. Akirudi shambani huniita mlangoni kwa jina langu, polepole, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya ulimi. Nakipenda hata kikohozi chake.

Lakini nimekasirika, dada. Nimekasirika ndani ya furaha yangu, na wa kunielewa ni wewe tu, uliyefundisha nami darasa moja.

Unajua desturi ya huku. Bibi harusi hukaa ndani. Halimi, hateki maji, hatoki nje mpaka siku ya kutolewa kwa sherehe. Nanyweshwa maziwa, napakwa siagi, nanenepeshwa. Ningefurahia yote kama shule ingekuwa mbali. Lakini hapa Kihanga nyumba ya Deo imetenganishwa na shule kwa migomba tu. Kila asubuhi namsikia mwalimu aliyeshika nafasi yangu akisoma mstari, na darasa la pili zima linamwitikia kwa sauti moja kama kwaya.

Yale yale, dada! Unakumbuka tulivyoshtuka? Watoto walisoma ukurasa mzima bila kukosea, sisi tukijisifu, mpaka ulipomwambia Kokushubila aanzie mstari wa mwisho. Akakodoa macho. Ukawajaribu wengine, wakanyamaza vilevile. Walikuwa wameshika wimbo, si maneno. Mimi nikawalaumu watoto. Wewe ukasema, "Tujitazame sisi kwanza." Tukaacha kuwaitikisha, tukawapanga wawili wawili, kila mmoja amsomee mwenzake, nasi tukizunguka tukisikiliza. Wasichana tuliowaweka na wavulana wakafyata ulimi, nikataka tuuache mpango wote. Ukanishika mkono: "Badilisha kitu kimoja, halafu nyamaza utazame." Tukawaweka wasichana kwa wasichana. Kokushubila akaanza kusoma, kwanza kwa kunong'ona, mwisho kwa kiburi!

Ulipofariki niliendelea peke yangu. Nilikuwa naanza kuona kwamba wanaosuasua husoma upesi zaidi nikianza na maneno ya nyumbani kwao, ndizi, maharage, kahawa. Sikuwa na hakika bado. Nikaolewa.

Nilimtuma Deo kwa mwalimu mkuu, amwombe watoto wasiitikishwe tena. Mume wangu maskini, alivaa koti la harusi! Akarudi na jibu: "Anasema darasa sasa limechangamka, linasikika mpaka barabarani. Wakati wako lilinong'ona kama wezi." Nililia. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kuolewa au kukagua?"

Hata hivyo ni yeye aliyewaruhusu wasichana waje kumwona bibi harusi. Kokushubila alikuja Jumamosi. Nikafungua kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari wa chini. Akainua macho darini, akaanza mstari wa juu, kwa ule ule wimbo. Kidole changu hakukitazama hata. Kazi yetu, dada! Imeliwa yote, na mimi nimekaa hapa nang'aa siagi. Nilitaka kutoka mbio nilivyo, nikainyamazishe ile kwaya.

Sikutoka. Ningemwaibisha Deo. Nilimtuma tena, na koti lake, amwombe mwalimu mkuu kwamba siku nitakayorudi shuleni asiniamini mimi wala huyu aliyeshika nafasi yangu. Asikilize mwenyewe, amchagulie mtoto mstari wowote wa katikati. Amekubali, huku akicheka. Akiona nimekosea, kwaya itabaki, nami nitapewa darasa la kushona.

Najua watanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa nini watoto waaibike ndipo mkubwa asikie? Nimeomba basi awaite mmoja mmoja barazani, mwenzao asiwepo wa kuwacheka. Deo anasema nimeanza kumfundisha kazi mwalimu mkuu. Na iwe hivyo.

Natolewa juma lijalo. Pumzika, dada yangu. Mungu akutazame kwa upole kama ulivyowatazama wale watoto. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda lori la kahawa pale Omurushaka, nije Bugomora kwenye kaburi lako, na Deo wangu pembeni, nikuambie mwalimu mkuu alisikia nini. Hata kama ni kibaya, nitakuja.

Mdogo wako,
Imelda