Pointi Zako Thelathini na Mbili

Kaka Baraka, kaka yangu wa pekee,

Nakuandikia nimesimama. Karatasi iko juu ya friji, pale ulipokuwa unatupia funguo, kwa sababu nikikaa naamka, nikiamka naenda dirishani, nikifika dirishani nasahau nilifuata nini. Jana Mama aliniambia, "Mwanangu, utatoboa sakafu." Sikumjibu. Unanijua, kumjibu mtu kwangu ni kazi.

Ndiyo maana naandika. Shuleni asubuhi nasoma kwa Kichina, mchana kwa Kiingereza, na kote napata alama nzuri. Lakini hili nimejaribu kulisema kwa lugha zote mbili nikiwa peke yangu bafuni, limekataa. Kwa ya nyumbani linatoka hivi: nimekukata kwenye timu, kaka. Kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa rula.

Usikunje uso kwanza. Ngoja nianze mbali.

Unakumbuka ulivyonifundisha ukomo? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumekaa juu ya marobota ya Mama kwenye korido ya soko kule Shahe, watu wanatupita na mikokoteni wanatupigia kelele tusogeze miguu, na wewe huwasikii, umeinamia simu unasoma habari za usajili wa ligi ya kikapu ya Marekani. Wenzako walikuwa wanakesha na mechi. Wewe mechi uliziangalia nusunusu, lakini ligi ikishafungwa, mikataba ikaisha, timu zikaanza kunyang'anyana wachezaji huru, hapo hata kula ulikuwa huli. "Mechi ni masaa mawili tu," ulisema. "Usajili ndio mchezo wenyewe."

Nikakuuliza kwa nini timu tajiri isinunue wazuri wote tukamaliza maneno. Ukalipiga kofi robota tulilokalia.

"Mama ana nafasi kiasi gani kwenye kontena?"

"Anachangia na wenzake. Ana kipande chake."

"Na akizipenda nguo zote za Shahe?"

"Haziingii."

"Basi. Ukomo wa mishahara ni kontena. Penda unavyopenda, ukuta ni ukuta." Halafu ukaanza kunionyesha. Jinzi ni nyota wako, zinakula nafasi. Fulana ni wachezaji wa kawaida. "Na mwisho kabisa, soksi."

"Soksi?"

"Unazichomeka kwenye matundu. Hakuna anayeziona, lakini bila soksi mzigo unacheza njia nzima."

Tangu siku hiyo nikimwona mchezaji wa benchi anaruka kushangilia, namwita soksi moyoni. Kwa heshima.

Halafu Ligi yetu ya Jumapili ya hapa, tunayocheza na timu yetu, ikapata shida ileile. Ile timu ya watu wa kargo ilikuwa inatoa posho nono, nauli na chakula juu, ikachukua kila mrefu mwenye mikono mizuri hapa Guangzhou, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, wote. Wakatufunga mpaka watu wakaacha kuja uwanjani. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya kamati ya ligi na daftari lako. Ukawaambia kila mchezaji apewe pointi kwa uwezo wake, posho yake ifuate pointi, na timu nzima isizidi pointi mia. Jina likiwa kwenye orodha, pointi zake zinahesabika, awepo asiwepo. Wakakubali. Wewe mwenyewe wakakupa thelathini na mbili, ukajifanya umeonewa, kumbe njia nzima unatabasamu.

Halafu ukaomba kitu kimoja zaidi, wakacheka. Ukasema mchezaji aliyelelewa na timu, akiachiwa vizuri kwa fomu, saini yake na saini ya mlezi wa timu, kwetu ni Mama, siku akirudi asajiliwe hata kama timu imejaa. Mzee mmoja wa kamati akakuuliza, "Sasa huo ukomo una maana gani kama una mlango wa nyuma?" Ukamjibu, "Mzee wangu, ukomo ukimzuia mtoto wa nyumbani kurudi, hiyo siyo ligi tena. Hiyo ni forodha." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilikuwa nyuma kabisa, nimejificha nyuma ya mgongo wa Mama, na mimi nikapiga.

Sheria ya mtoto wa nyumbani. Nimeinakili kwa mkono wangu kwenye kanuni, maana ulinifanya katibu. Ulisema, "Wewe huongei na watu, unaongea na karatasi. Timu inahitaji mtu wa namna hiyo." Na kweli, mpaka leo mimi ndiye ninayeandika kwa Kichina kuomba uwanja.

Hukuwa unapatia kila mara, lakini. Msimu ule wa wasafiri! Mwaka Mpya wa Wachina, viwanda vimefungwa, ligi imelala, wewe ukapiga hesabu kwamba wafanyabiashara wanaokuja kununua mali mwezi mmoja na kurudi kwao wana pointi chache kwa sababu hawachezi msimu mzima. Ukawasajili wawili wa Nairobi, wote wafanyabiashara wa mabegi, wote moto wa kuotea mbali. Ukapanga viza zao zikutane kwenye fainali. Viza ulizikumbuka. Kontena hukulikumbuka. Siku ya fainali kontena lao linafungwa, wote wawili wako Shiling kwenye kiwanda cha mabegi wanahesabu zipu. Mkaingia uwanjani watu watano, na benchini amekaa Mama peke yake na chupa za maji. Kocha Odhiambo akakutazama akasema, "Buda, tumesajili mabegi." Mlifungwa mkacheka mpaka mkakaa chini. Mimi nilicheka mpaka nikasahau aibu, nikakukumbatia mbele za watu.

Halafu bibi akafariki, ukaenda Mwanza kuzika. Wiki tatu, ulisema.

Viza ikagoma mara ya kwanza. Ikagoma mara ya pili. Mama akawa anamwambia kila mtu, "Baraka anarudi mwezi ujao." Amekununulia viatu vya kuchezea, vyeupe vyenye mstari mwekundu, viko chini ya kitanda chako ndani ya boksi. Kila Jumamosi anafuta vumbi juu ya boksi. Hafungui. Anafuta tu.

Na Novemba ukanitumia ile sauti. Nimeisikiliza mpaka naijua mahali unapovuta pumzi. "Mdogo wangu, sirudi China. Nimechoka kuhesabu siku za viza. Nimepata kaduka, jioni nafundisha watoto mpira, nimetulia. Usimwambie Mama. Nitamwambia mwenyewe."

Desemba hukumwambia. Januari hukumwambia. Ukipiga simu mnaongea bei za jinzi na mguu wake unaovimba, halafu unasema "msalimie mdogo wangu", na mimi niko hapohapo pembeni nakunja nguo ambazo zimeshakunjwa.

Sasa Jumapili iliyopita. Baada ya kanisa tulikutana kule mgahawani tunakokulia siku zote, meza ya ndani. Orodha ya wachezaji wa msimu mpya ilitakiwa ifike kwa kamati kabla ya saa kumi na mbili jioni, na mimi ndiye wa kuituma. Kulikuwa na mgeni. Anaitwa Papi, wa Lubumbashi, akisimama kichwa kinagusa ile taa ya karatasi. Timu yake imevunjika, ni mchezaji huru, na kamati imempa pointi thelathini. Mtu wa chini ya goli, kaka. Yule tuliyemtafuta miaka yote.

Kocha akaweka kijiko chini. "Tatizo ni moja. Baraka amekalia thirty-two. Huyu jamaa ni thirty. Nikiwaweka wote tunapasua ukomo. Sasa Mama, niambie straight, kijana anakam ama hakam?"

"Anarudi mwezi ujao," Mama akasema.

"Mama, huo mwezi ujao ulianza mwaka jana."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Odhiambo, mwanangu siyo begi lako la Shiling useme limekaa sana dukani."

"Hatumuuzi, Mama. Tunamwachilia tu."

"Mnamwachilia aende wapi? Ni wangu."

Papi akajikunja kwenye kiti kama mtu anayetaka kupungua. "Maman, miye sitaki maneno. Wale ba kargo waliniita asubuhi. Mukisema hapana, itakuwa hapana, tutabakia marafiki."

"Akienda kargo tumekwisha," Kocha akasema. "Tutafungwa mpaka tufunge timu." Akanigeukia. Ndicho kitu nilichokuwa naomba kisitokee. "Katibu. Wewe ndiye mnaongea na yeye. Alikuambia aje?"

Meza nzima ikanitazama. Unajua ninavyokuwa. Ulimi unageuka kipande cha kitambaa. Nikamwangalia Mama, naye alikuwa ananiangalia kwa imani kabisa, kama mtu anayesubiri shahidi wake aseme ukweli. Nikafungua mkoba wa shule. Nikatoa rula, maana shuleni tumezoeshwa kosa halifutwi ovyo, linapigwa mstari ulionyooka. Nikaiweka chini ya jina lako, nikaisogeza juu kidogo, nikapiga mstari.

Mama akaivuta karatasi, akautazama mstari.

"Tangu lini?" Mama akaniuliza.

"Novemba."

Akainuka akaenda kunawa mikono. Alikuwa ameshanawa. Maji yakamwagika muda mrefu, Kocha akawa anazungusha kijiko, Papi anaangalia magoti yake. Nikafikiri Mama ataondoka kwa mlango wa nyuma. Akarudi, akakaa, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Ile fomu ya mtoto wa nyumbani unayo?"

Nikamtolea. Akaisoma yote, polepole, mpaka chini.

"Akiachiwa kwa hii, akirudi anaingia?"

"Anaingia hata tukiwa tumejaa pomoni," Kocha akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Ni yeye aliyepigania hiyo sheria, Mama. Lakini lazima wote wawili msaini kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ikichezwa bila hiyo, meyo, hakuna kitu, ni mchezaji kama mwingine yeyote."

Mama akaomba kalamu, akasaini mahali pa mlezi. Jina lote, kama anavyosaini mzigo. Halafu akamgeukia Papi.

"Wewe mrefu, unavaa viatu namba ngapi?"

"Quarante-sept, Maman. Arobaini na saba."

"Vya Baraka ni arobaini na nne," Mama akasema. "Havikutoshi." Na akapumua, kaka. Nilimsikia.

Nikaituma orodha. Papi thelathini. Mbili zilizobaki nimezichomeka kwa yule kaka wa Mombasa anayekosa kila mpira lakini hachelewi mazoezi. Soksi. Ungenisifu.

Sasa ungamo lenyewe, maana hayo mengine ungeyasikia hata kwa Kocha. Nilipopiga ule mstari sikuwaza timu. Sikumwaza Papi. Nilikuwa nimekasirika. Miezi yote hiyo nimebeba sauti yako mfukoni kama simu inayotetema darasani, na wewe huko umetulia. Ulivyosema "nimetulia" nilitaka nikurushie kitu. Kwa sekunde moja, rula ikiwa bado karatasini, nilifurahi. Halafu nikauona uso wa Mama, na tangu hapo sijakaa.

Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Asubuhi anaenda Shahe, jioni anarudi, anaweka simu mezani kifudifudi, dakika moja anaigeuza, dakika moja anaigeuza tena. Hakupigii. Nilimuuliza mara moja kama hatakupigia. Akasema, "Alisema ataniambia mwenyewe. Basi aniambie." Boksi la viatu liko palepale. Jana alilifuta, ingawa haikuwa Jumamosi.

Sijui kama nilikosea. Saa nyingine naona nilikuokoa wewe, saa nyingine naona nimekuiba. Sijui hata kama nataka urudi au nataka tu usiwe umeondoka bila kuaga. Naona ni hilo la pili. Ukikaa Mwanza na kaduka kako na watoto wako wa mpira nitawaringia wenzangu darasani. Naomba tu uwe mtu aliyeachiwa vizuri, siyo mtu aliyepotea kwenye orodha.

Mechi ya kwanza ni keshokutwa, saa tisa alasiri kwa huku. Picha ya fomu nimeiweka pamoja na picha ya barua hii. Ichapishe popote, saini kwa mkono, nitumie. Mstari wa juu una jina la Mama. Wa chini mweupe.

Lakini kabla hujashika kalamu, shika simu. Jioni hii Mama atakuwa mezani na simu yake, nami nitakuwa hapa kwenye friji nimesimama. Usinipigie mimi.

Mdogo wako,
katibu