Mwamba wa Nyuma kwa Mama

Jumatatu, 11 Machi
Barabara mpya itapita kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba ya Mama. Leo nimeupima. Nagonga chuma kwa nyundo, mashine inasikiliza mtikisiko unavyokimbia ndani ya jiwe. Mtikisiko ukienda polepole, mwamba una nyufa, tingatinga litaung'oa. Ukienda mbio, jiwe ni zima — baruti.
Umekwenda mbio. Mbio mno!
Na baruti maana yake Mama ahame. Udongo chini ya nyumba yake ukitikiswa sana unageuka uji. Kazaliwa humo humo.

Jumanne, 12 Machi
Nimepata pa kushika! Ardhi bado imeganda kwa baridi ya huku kaskazini. Barafu imeziba nyufa, labda ndiyo inayoidanganya mashine. Nimemwambia mkubwa wangu, Gjertrud, tungoje iyeyuke. Akaniuliza, anaongea na mtaalamu au na mtoto wa mwenye nyumba? Mwishowe akakubali: tingatinga lijaribu Mei.
Nikampigia Mama — usifungashe kwanza. Kumbe vyombo alishavifunga. Akaanza kuvifungua tukiwa bado kwenye simu, nasikia vikombe. Mdomo wangu huu!

Jumapili, 28 Aprili
Theluji kwisha. Nimepima tena, peke yangu. Mbio zile zile, karibu sawa na Machi.
Nikaingia kwa Mama, nikanywa kahawa, nikaaga bila kutaja vipimo.

Jumatatu, 13 Mei
Oddvar kaja na tingatinga lake, lile lenye jino kubwa nyuma. Mita ya kwanza iling'oka kama mkate mkavu. Nikapiga vigelegele, mtu mzima mimi! Kisha jino likaanza kuteleza. Cheche. Mlio wa kutia meno ganzi. Oddvar akarudia, akarudia, kwa ajili yangu tu. Halafu akazima.
"Dada, hapa hata ukileta matingatinga kumi. Jiwe hili ni la baruti."
"Jaribu upande ule."
"Nimeshajaribu. Pole."
Gjertrud kwenye simu: nyumba iwe tupu kabla ya Agosti. Na Mama nimwambie mimi, asije akasikia kwa watu.
Nimeshuka. Mama yuko bustanini, kapiga magoti, ndoo mbili za mbegu za viazi kando yake. Habari za mwamba hakuuliza. Ameangalia viatu vyangu, vumbi tupu.
"Mwanangu, mwaka huu nipande vya kuvuna Julai au vya Septemba?"
Nikasema vya Julai.
Akaisukuma pembeni ndoo ya vile vya Septemba, akaendelea kuchimba. Naandika haya kwenye ngazi za jikoni. Bado anachimba, na mimi bado sijamwambia.