Namna Dahir Alivyorudi Kwetu

Hodan mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Hapa Masalani tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, mbuzi wamezaa, na mama yako anakutaja kila tukila.

Umeniuliza kwa nini mwenzako wa chumbani haachi tembe, ingawa anaona zinammaliza. Umenikumbusha kaka yangu Dahir.

Alikuwa utingo wa lori la kwenda Elwak. Alianza kutafuna miraa asisinzie safarini, kisha akameza tembe apate usingizi. Baba alifoka, wajomba wakamwapisha. Aliapa akilia, akarudia, kisha akaondoka nyumbani. Yaliyofuata nayaruka.

Siku moja alirudi amekonda, akasimama nje ya ua. Mama akamwita, "Dahir, ingia unywe chai."

"Mama, nimeshindwa kuacha."

"Nimesikia. Ingia kwanza."

Alipokunywa, Mama akamuuliza, "Ni wakati gani wa siku ulio mgumu zaidi kwako?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alisema ni alasiri. Basi Mama akampeleka kwa daktari, na kila alasiri wakawa wanashuka pamoja mtoni kuchota maji. Alizirudia tembe, na Mama akamwita tena. Pole pole akaacha, akaoa, akazeeka nasi.

Sasa Dahir hayupo, wala Mama. Ningetoa mengi niwasikie tena wakipanda kutoka mtoni wakicheka.

Muulize mwenzako swali lile la Mama, kisha mfuatane kwa daktari. Usimbebe peke yako. Na likizo ikifika, njoo moja kwa moja nyumbani. Nina hamu nawe, Hodan, hata sauti ya simu hainitoshi.

Ayeyo, bibi yako