Kipande cha Mbuzi

Masisi, siku ya Mungu, jioni

Niliogopa kweli, juu ya nyama ya mbuzi tu! Kwetu wanasema mwanamuke akila mbuzi ataota ndevu. Leo, kwenye karamu ya ubatizo wangu, nilichukua kipande.

Mama mukwe, mwenye anaimba kanisani tangu ujana wake, akanikamata mukono. "Wacha, mutoto wangu!"

"Mama, Yesu si alitufungua?"

Nikala. Woga ulikuwa ungaliko, lakini nikameza, na roho ikatulia.

Sasa hivi, karibu na moto, mama mukwe amenipapasa kidevu polepole, kama cha mutoto muchanga. Hakukuta kitu. Akaniuliza:

"Ulibakisha hata kidogo?"

Nilikuwa nimemufungia kipande mu jani ya ndizi. Akafumba macho, akasema, "Yesu, na mimi," akauma.