Kibuyu cha Kumpima Babu

Felista, acha unachofanya usome. Nimetoka kwa bibi sasa hivi.

Unakumbuka habari za babu Simeoni, yule aliyefia hospitali ya vichaa Dodoma enzi za Mwingereza? Miaka yote tunaambiwa alirogwa. Uongo mtupu!

Kumbe ni wanzuki. Alikunywa hiyo pombe ya asali mpaka akawa anasikia nyuki wakimtukana. Wakampeleka Dodoma, akapona, akarudi Rungwa amenenepa, anasalimia watu vizuri. Daktari alishamwambia asionje tena.

Sasa sikia. Wazee wakamwita mbele ya watu wamwangalie kama kweli amepona. Wakamjazia kibuyu. Cha wanzuki, Felista! Wanzuki ileile! Eti mwenye akili timamu hakatai pombe ya wazee.

Na aliyekishika hicho kibuyu ni bibi. Ananisimulia huku anachambua mchicha, anacheka. "Wiki ya pili tu nyuki wake wakarudi, akarudishwa Dodoma."

Nikamuuliza, kwani babu mwenyewe hakukataa?

"Alikataa mara tatu, analia. Ndipo tukajua hajapona. Tukamshika, tukamnywesha."