Kodi ya Mgeni

Jumanne, 3 Agosti 2004

Nimerudi shule, nimeosha vyombo, nimesonga ugali. Maji ya bomba yanauma mikono. Mama bado yuko Jules Street kwenye cherehani yake, ana sare za kwaya za kumaliza. Hita ya mafuta ya taa inanuka, lakini bila hiyo hapakaliki.

Keshokutwa tunaenda kwa wakili. Mama amesema nivae sare ya shule ili tuonekane watu wa maana.

Baba ana mwaka na miezi minne kaburini. Mama anataka kuuza nyumba turudi Morogoro. Mnunuzi ameshapatikana: Papa Ilunga, kinyozi aliyetoka Lubumbashi, duka lake linatazamana na robot, taa za magari, hapo kona. Kilichobaki ni karatasi. Kwa wakili mimi ndiye mdomo wa Mama, maana Kiingereza chake kinaishia kwenye kiuno, kifua na urefu wa mkono. Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina natazama meza.

Naandika Kiswahili kwa sababu shule nzima hakuna wa kukisoma. Nilikuja huku nimemaliza darasa la nne. Kinanitosha.

Alhamisi, 5 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wakili ana mafua na ni mpole, na upole wake ndio umenimaliza. Kafungua faili, kasema nyumba ni ya Vusumuzi Nkabinde, mwanamume asiye na mke. Nikamwambia mke ndiye huyu. Akaomba cheti cha ndoa. Mama akakitoa kwenye mfuko wa plastiki, amekipiga pasi. Ndoa ya bomani, Morogoro. Bwana arusi: Peter Tembo.

Peter Tembo ni Baba. Wapigania uhuru wote walikuwa na jina la kambini. Alipendana na Mama akiwa Peter, akaoa akiwa Peter, mimi nikazaliwa binti Peter. Uhuru wa huku ulipofika akatangulia kurudi kwao, akachukua kitambulisho kwa jina alilopewa na baba yake, Vusumuzi, Vusi kwa ndugu zake, akanunua nyumba hii ya Malvern, ndipo akatuleta. Hakurekebisha chochote. Mama alipokuwa akimkumbusha, alicheka. Ndoa moja inatosha, alisema, au unataka nikuoe mara mbili?

Kwa hiyo kwa karatasi Vusi hakuoa. Hakuzaa pia. Mimi ni mtoto wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Mrithi ni dada yake, Shangazi Thoko wa Alexandra.

Nikatafsiri. Mama akaniuliza, Thoko akinipa nyumba kwa hiari yake je? Wakili akasema anaweza, lakini mjane anayerithi halipi kodi, na mtu baki anayepewa zawadi analipa. Serikali inachukua fungu kwenye zawadi, inachukua jingine kwenye kubadilisha jina. Halafu kuna manispaa. Baba hakulipa kodi yao hata mwezi mmoja. Alisema enzi za makaburu watu walipigwa risasi kwa kugoma kulipa, yeye aanze leo? Bila kufuta deni hilo nyumba haihamishwi kwa yeyote. Ukitoa yote, karibu nusu ya nyumba inaondoka.

Deni la manispaa halina dawa. Kodi ya zawadi ina dawa moja. Mtu wa damu yake aape kwamba Vusi na Peter ni mtu mmoja na kwamba huyu alikuwa mkewe. Marafiki wa kambini hawafai. Kambini ilikuwa mwiko kuulizana jina la nyumbani. Wanamjua Peter, basi.

Kwenye taksi Mama aliniuliza kama nimetafsiri vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena.

Jumamosi, 7 Agosti

Alexandra. Upepo na vumbi, macho yamekuwa mekundu mpaka Shangazi akadhani nimelia. Sijalia. Sijalia tangu msibani, nadhani nina kasoro.

Shangazi Thoko alitupa chai na mikate ya kukaanga. Anampenda Mama, hilo sina shaka. Miaka yote hii anamwita makoti, mke wetu. Mama alimweleza kwa Kizulu chake cha dukani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema nyumba haitaki, Mama aichukue yote, hata kesho ataweka sahihi.

Kuapa hapana.

Ni mtu wa kanisa. Akasema ataulizwa mbele ya Biblia kama kaka yake alioa, na kwao ndoa ni ng'ombe. Wazee wa Nkabinde hawakwenda popote, hakuna ng'ombe aliyetoka. Mama akamwambia mahari ilitoka: cherehani kwa bibi arusi na koti kwa mjomba. Shangazi akacheka, akajizuia, akacheka tena.

"Eish, makoti. Cherehani haizai."

Mama naye akacheka. Halafu Shangazi akasema jambo ambalo halinitoki. Mama yao alikufa akimngoja Vusi, miaka na miaka, hana hata barua. Akiapa kwamba Vusi ndiye Peter Tembo, anaapa kwamba kaka yake alilitupa jina la baba yao, akaoa na kuzaa bila kuwakumbuka. Hawezi.

Kwa mdomo makoti. Kwa kiapo mtu baki.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake, shule imefungwa. Mama amekwenda kushona.

Namchukia Baba. Nimeandika. Alikuwa na miaka sita ya kwenda kwenye foleni na cheti kimoja mkononi. Aliwasimulia wageni habari za mabomu, foleni ikamshinda.

Nimefagia chumba chao. Sikugusa upande wake.

Jumamosi, 14 Agosti

Papa Ilunga alikuja na mkewe, wakapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nilitamani kujificha bafuni. Anasema, "Mama Lindiwe, mi niko na feza, iko tayari. Kama mwezi wa kenda inaisha bila papier, nitatafuta nyumba ingine, utanisamehe." Hana makosa. Watoto wake wanne wanalala nyuma ya duka.

Jioni Shangazi akapiga simu. Amekaa na wazee wa ukoo, wamepata njia. Kwao inawezekana kumlipia marehemu. Wazee watakuja Jumapili ya wiki ijayo kumposa Mama kwa niaba ya Vusi. Watatoa kitu kidogo, cha kuwakilisha ng'ombe mmoja. Hapo Mama atakuwa mke mbele ya Mungu na ukoo, naye Shangazi ataapa kwa moyo mweupe.

Mama alishika simu kwa muda. Hakujibu kitu. Akakata.

Shangazi akachukua ukimya huo kuwa ndiyo. Kwa Wazulu mwali hajibu, ananyamaza. Kwetu Uluguruni pia. Nami nikauchukua hivyo hivyo, nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi wa kwanza wa wiki hii.

Jumatano, 18 Agosti

Papa Ilunga amejitolea kusimama kama mjomba wa Mama, kwa kuwa mjomba wa kweli yuko Morogoro na nauli hana. Ameazima suti.

Mama hajasema lolote. Anashona. Usiku wa jana alikata kitambaa cha mteja upande usio wake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mwalimu ameniuliza kwa nini sisemi darasani. Nimetazama meza.

Jumapili, 22 Agosti

Walifika saa nne asubuhi, wazee wawili wenye kofia na fimbo, na Shangazi nyuma yao amejifunga blanketi. Hawakubisha hodi. Ndivyo inavyofanywa: wakasimama nje ya geti, wakapaza sauti kuwataja mababu wa Nkabinde mmoja baada ya mwingine, wakisema wametumwa kuomba mke katika nyumba hii.

Katika nyumba hii. Geti alilichomelea Baba mwenyewe. Kisanduku cha barua kina jina lake.

Majirani wakatoka. Papa Ilunga alikuwa amekaa kwenye sofa, mikono ya koti imemfika kwenye vidole. Akaninong'oneza, "Banasema nini? Nijibu?" Nikamwambia asubiri, wataitaita kwanza. Akasema kwao mtu akisimama inje hivi basi anadai.

Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amepika tangu alfajiri, kuku na wali, nikajua kila kitu kiko sawa. Akafuta mikono. Akapita mbele yetu, akatoka, akaenda getini mwenyewe. Mwali hafanyi hivyo. Wazee wakanyamaza katikati ya mababu.

Aliwasalimu vizuri. Kisha akasema kwa Kizulu, polepole, kama anayepima kitambaa:

"Baba zangu, mume wangu alinioa. Mimi nilikuwepo. Leo nikipokea ng'ombe wenu, nimekubali kwamba miaka kumi na saba nilikuwa hawara wake, na huyu binti ni wa nje. Siolewi na kaburi."

Shangazi akasema, "Makoti, ni kwa ajili ya kodi tu."

"Ndiyo maana," Mama akasema.

Akafungua geti. Akawakaribisha wale, wakala. Wageni ni wageni. Papa Ilunga alikula vipaja viwili katika suti ya mjomba, akakosa pa kutazama. Mzee mmoja alimsifu Mama kwa wali. Shangazi hakula. Walipoondoka alimshika Mama mkono, akauachia.

Sikumsemesha Mama mpaka giza lilipoingia. Tulichoweza kuokoa kwenye kodi kimekwenda kwa sentensi nne.

Jumatatu, 23 Agosti

Sikwenda shule. Kwa wakili tena. Akaeleza upya, polepole, safari hii akichora: hapa mjane, hapa mtu baki. Akaniomba nihakikishe Mama anaelewa anachokikataa. Nikahakikisha. Mama akasema:

"Mwambie nitalipa kama mgeni. Lakini nitaondoka kama mke."

Nikatafsiri neno kwa neno. Wakili alipenga kamasi, akachukua muda mrefu kukunja kitambaa.

Na mimi niseme ukweli, hapa hakuna anayenisikia. Sikuona fahari. Nilitaka kupiga kelele. Heshima yake ina thamani gani mjini Morogoro, tukishindwa hata kununua kiwanja? Kwa nini hakudanganya? Kila mtu katika habari hii amedanganya kidogo: Baba jina, wazee ng'ombe, Papa Ilunga ujomba. Yeye tu anajitia hodari, na bei nailipa mimi. Chuo nilichokuwa nakiota kilikuwa ndani ya fedha hizo. Hakuniuliza.

Ijumaa, 3 Septemba

Shangazi ameweka sahihi kwamba ni mrithi, na nyingine kwamba anatoa zawadi kwa mtu asiye ndugu. Aliisoma hiyo sentensi kwa sauti, Kiingereza chake cha shule ya misheni, akakwama kwenye "asiye ndugu". Akairudia. Akasaini, akalia mpaka karani akaleta maji. Mama akampigapiga mgongo.

Nilikaa kati yao. Sikuwa na kazi, hakuna aliyesema kitu.

Jumatano, 13 Oktoba

Papa Ilunga amekubali kungoja, baada ya ugomvi na mkewe. Anapita kila Jumamosi kutusalimia na kutazama bati la paa.

Hesabu ya manispaa imekuja. Riba juu ya riba. Kaka yake Mama ameandika kwamba kiwanja cha Kihonda, kile tulichotaka kununua, kimechukuliwa na mwingine, hakuweza kumzuia mwenye kiwanja asiuze. Tutafikia kwa bibi. Ana chumba kimoja. Mama amesema, tutajibana, kisha akauliza kama nimekula.

Sioni mbele. Si maneno ya kupamba. Nikifumba macho kujaribu kuiona mwakani, hakuna picha inayokuja.

Jumanne, 9 Novemba

Imepita. Nyumba ilikuwa ya Mama, kwa jina lake lote, kwa muda wa kalamu kwenda ukurasa wa pili. Kisha ikawa ya Papa Ilunga. Serikali ikakata chake, manispaa chake, wakili chake. Mama alitia sahihi kila mahali. Kwenye nafasi ya hali ya ndoa akaandika mjane. Wakili akaona. Akageuza ukurasa.

Nje akaniambia miguu inamuuma. Tukakaa kwenye ukuta wa maegesho. Nilipomtazama vizuri nikaona amezeeka, mashavu yameingia ndani, na nikaelewa kwamba hakuwa hodari hata kidogo. Alikuwa ameogopa tangu mwanzo, kuliko mimi. Sijui kwa nini jambo hilo limenivunja zaidi ya kodi.

Jumamosi, 27 Novemba

Tumekwenda makaburini, sisi wawili. Jua kali. Mama aling'oa majani, mimi nikachota maji. Alimweleza Baba kwa Kiswahili kwamba tunaondoka Jumatatu, kwamba basi linapitia Lusaka, kwamba nimemaliza mtihani. Alimwambia taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikageuka nikalia. Hakunizuia. Aliendelea na majani mpaka nikamaliza.

Njiani tulinunua nyanya. Nyumbani hakuna kitanda, hakuna kiti, sauti zetu zinagonga ukuta na kurudi. Tumepika wali kwenye sufuria iliyobaki. Chumvi imeshafungwa, hatujui iko kwenye boksi lipi. Tumekula hivyo hivyo, tumekaa sakafuni, mlango wazi.