Duara la Kioko

Mdogo wangu Ndunge,

Machakos kuna kibaridi na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ni mtamu, lakini kaka yetu Kioko ameniudhi. Sebuleni kwake ametundika karatasi nyeupe yenye duara moja jeusi, basi! Ameinunua Nairobi, eti ni nakala ya mchoro wa makumbusho ya Ulaya, wala haitapauka hata miaka mia ipite. Nikamwambia duara kama hilo liko chini ya sufuria yangu, na mimi hulisugua kwa jivu.

Picha ya Baba, ambayo haina nakala, niliikuta stoo nyuma ya mtungi wa gesi, mchwa wameanza kula fremu. Nimeifunga kwenye leso yangu. Jitunze, mpendwa, na ugonge msumari hapo sebuleni. Mwisho wa mwezi namleta Baba nyumbani.

Dada yako,
Mbithe